Pingu ya Krivi Do

Kila Septemba jengo letu hugeuka maonyesho ya picha. Watu wamerudi kutoka pwani ya Ugiriki na Montenegro, ngozi nyekundu, na kabla hawajafua hata taulo wanakukamata mlangoni na simu zao. Bahari ile ile. Jua lile lile. Samaki yule yule kwenye sahani, na limau pembeni. Ukimuuliza mtu mwezi mmoja baadaye alikula nini huko, hakumbuki. Mimi huwaambia wote kwamba wamependeza, maana ndicho wanachokitaka.

Ljubinka wa ghorofa ya tatu ndiye pekee asiyetoa simu. Septemba iliyopita mama mmoja wa hapa alimuuliza ni safari gani kati ya zote hataisahau, na akajibu, "Krivi Do." Yule mama akauliza ni ufukwe wa wapi huo. Ljubinka akasema hakuna ufukwe, akaingia kwake. Baadaye alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, jikoni kwangu, bila kupandisha sauti hata mara moja. Nitaieleza hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Mei. Ljubinka alikuwa amemzika mama yake wiki kumi kabla, na tangu siku hiyo hakuwa amelia. Si kwamba alijizuia. Kilio hakikuja, basi. Alikwenda kazini, alipika supu, alikagua daftari za mtoto, na ndani yake palikuwa kimya. Mumewe, Ratomir, ni fundi umeme, mtu wa kutengeneza vitu. Akaona dawa ni siku tatu kwenye chemchemi za maji moto upande wa mashariki. Akapakia begi, akampakia na binti yao Iskra wa miaka minane, akamwambia mkewe apande gari. Ljubinka akapanda. Angemwambia apande punda angepanda pia.

Walipofika kwenye milima ya Homolje wakakuta barabara imefungwa. Mlima ulikuwa umeshuka usiku wa kuamkia siku hiyo na kuangukia lami. Mfanyakazi mmoja mwenye fulana ya kung'aa akawaonyesha njia ya kuzungukia, akawaambia nayo ina lori lililokwama mbele, kwa hiyo wasubiri kijijini kwa muda wa saa mbili hivi, pengine tatu.

"Kijiji gani?" Ratomir akauliza.

"Krivi Do. Hamwezi kupotea. Nyumba nyingi hazina moshi. Yenye moshi ndiyo yenye watu."

Ni kweli, nyumba yenye moshi ilikuwa moja tu. Iskra alikuwa amebanwa na mkojo tangu nusu saa nyuma na alishaanza kukunja miguu, basi Ratomir akasimamisha gari pale pale langoni. Uani palikuwa na watu kumi na wanne au kumi na watano, wote wazee, wamevaa nyeusi. Kwenye nguzo ya lango palibandikwa tangazo la kifo lenye picha ya mwanamke kijana. Stamena, miaka thelathini na minne.

Mzee mmoja asiyenyoa ndevu akaja na chupa.

"Karibuni. Msisimame hapo langoni kama watoza ushuru."

"Tunaomba choo tu, mzee," akasema Ratomir. "Poleni na msiba. Hatutaki kuwasumbua."

"Choo kipo. Chakula kipo. Pombe ipo mpaka Jumatano. Tulichokosa ni mtu." Akamtazama Ljubinka kuanzia juu hadi chini bila aibu. "Wewe, dada, una ndugu yeyote upande huu? Bibi, shangazi, mtu yeyote?"

"Hapana. Sisi ni wa Kragujevac."

"Asante Mungu," akasema mzee, na akajimiminia mwenyewe kwanza.

Jina lake lilikuwa Radisav, mjomba wa marehemu. Alimwaga matone machache chini kwa ajili ya aliyekufa, kama ilivyo desturi, Ratomir akafanya vivyo hivyo, na mambo yakaonekana ya kawaida. Mama mmoja akampeleka Iskra chooni. Kisha Radisav akamshika Ljubinka kiwiko na kumwingiza ndani.

Chumba kilikuwa na joto na harufu ya nta. Kioo kilifunikwa kwa taulo. Jeneza liliwekwa juu ya benchi fupi, karibu na sakafu, na sanda upande wa miguu ilikuwa imekunjuliwa. Kando yake, kwenye kigoda, aliketi mwanamke wa miaka sitini na kitu, kiatu cha kushoto kimevuliwa. Mguu wake wa kushoto na mguu wa kushoto wa maiti ilifungwa pamoja kwa pingu ya farasi, ile ya chuma ambayo wachungaji hufungia miguu ya mbele ili mnyama asitoroke malishoni. Pete mbili, mnyororo mfupi, kufuli.

"Huyu ni Persida, mama yake," Radisav akanong'ona. "Amekaa hivyo tangu alfajiri."

Ljubinka aliwahi kusikia habari hizo utotoni, kwa bibi yake, akadhani zilishakufa pamoja na mabibi. Watu wa nyumba moja waliozaliwa mwezi mmoja ni jozi. Mmoja akifa, anamvuta mwenzake kabla mwaka haujatimia. Ili aliyebaki asifuate, anafungwa pingu na maiti, halafu anakuja mtu wa jinsia yake, wa mwezi mwingine, asiye wa damu yao, anamfungua na kumkubali awe ndugu yake badala ya yule aliyekwenda.

"Hawa wote wawili ni wa Februari," Radisav akaendelea. "Wanawake waliobaki hapa ni saba, na wote damu yetu. Tulikuwa na mmoja anakuja kutoka mjini kutufanyia hisani hiyo. Yuko ng'ambo ya udongo ulioporomoka. Kasisi anataka tuzike saa sita. Wewe umezaliwa mwezi gani?"

"Machi," akasema Ljubinka.

"Machi!" Radisav akapaza sauti dirishani. Uani watu wakajifanyia ishara ya msalaba, na bibi mmoja akacheka kwa furaha kabisa.

Ratomir alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Akamsogelea mkewe na kumnong'oneza, "Mfungulie tu mama wa watu. Ni ufunguo. Mimi hufungua makufuli mazito zaidi ya hilo bure."

Mwanamke mwingine angeogopa. Ljubinka hakuogopa, na hilo ndilo linalomuuma akikumbuka, kwa kiasi anachoweza kuumwa. Alipiga magoti kwenye sakafu kama anayeokota kijiko. Radisav akampa ufunguo. Mguu wa maiti ulikuwa mpana, kisigino kimepasuka, mguu wa mtu aliyefanya kazi shambani bila viatu.

Persida akainama. Pumzi yake ilinuka mrehani.

"Machi tarehe ngapi, mwanangu?"

"Tano."

Midomo ya Persida ikawa inacheza. Vidole vyake mapajani vilikunjika kimoja baada ya kingine, vikaisha, vikaanza tena, vitatu zaidi. Akamtazama Ljubinka usoni kwa muda mrefu. Kisha akatazama mguu wake mwenyewe ndani ya chuma. Vidole vya mguu vilikuwa vimeanza kuwa rangi ya bluu.

"Haya, Persida," Radisav akahimiza. "Kasisi anasubiri."

"Kwa jina la Mungu na Mtakatifu Yohana," akasema Persida, sauti ikimtoka kwa shida, "uwe dada yangu, unitoe kwenye chuma."

"Nimekubali. Wewe ni dada yangu."

Wakarudia mara tatu. Ljubinka akazungusha ufunguo. Pete ya Persida ikafunguka na kuangukia sakafuni, na Persida akauvuta mguu wake haraka sana kwa mtu wa umri ule. Ljubinka akahisi baridi juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Baridi yenye umbo. Kiganja cha mtu, hivi.

Wanaume wakaingia kubeba jeneza. Pingu huzikwa na maiti, basi hakuna aliyeigusa. Iskra alikuwa amesharudi kutoka chooni na kusimama nyuma ya mama yake.

"Mama," akasema, "ile pete nyingine imejifunga."

Ljubinka akatazama. Pete aliyoifungua ilikuwa imefungwa. Ufunguo bado ulikuwa mkononi mwake.

Walizika. Walikula kondoo wa kuchoma na ngano ya wafu iliyotiwa sukari. Persida hakuja mezani. Saa tisa mtu wa fulana ya kung'aa akapita kwa pikipiki kusema lori limetoka, na wakaondoka. Njia nzima Ratomir alikuwa mchangamfu. "Sasa una dada," akamtania mkewe. "Na mimi nina shemeji wa miaka sitini. Krismasi hii tutapata jibini." Ljubinka alikuwa anausugua mguu wake wa kushoto.

Kwenye chemchemi, Jumapili asubuhi, mhudumu wa mabwawa ndiye aliyepiga kelele. Ljubinka alikuwa amesimama na mguu mmoja pale maji yanapoingilia kutoka ardhini, mahali palipoandikwa kwa herufi kubwa pasisimamwe. Ngozi ilikuwa imeiva. Hakuwa amehisi kitu. Mhudumu akamwuliza kama ana sukari. Hakuwa na sukari.

Ganzi ikapanda polepole. Wiki ya kwanza ilikuwa kifundoni. Wiki ya pili ikafika katikati ya shavu la mguu. Ljubinka alijichoma kwa sindano ya kushonea, akatazama tone la damu likitoka, akalipangusa. Hakumwambia mtu. Tangu Machi alikuwa hahisi kitu chochote moyoni. Mguu ulikuwa umeufuata moyo tu, ndivyo alivyoona.

Kisha ikaja ile asubuhi ya Juni. Alikuwa anataka kuhesabu miezi sita ya kifo cha mama yake ili aagize misa mapema. Kwenye ukuta wa jikoni kwake, kama kwetu sote, pana kalenda ya kanisa, karatasi moja kubwa yenye miezi yote kumi na miwili. Mama yake alikufa tarehe mbili Machi. Akaweka kidole kwenye mbili Machi ili aanze kuhesabu.

Kalenda hiyo ina safu mbili za tarehe. Kila mtu wa kwetu anajua kwa nini. Kanisa letu linahesabu siku nyuma ya serikali, na ndiyo maana Krismasi yetu ni tarehe saba Januari. Tunajua, na hatufikirii. Mjini mtu akikuuliza umezaliwa lini unasoma kitambulisho. Krivi Do hawasomi kitambulisho. Krivi Do mwezi ni wa kanisa, tangu enzi za mababu.

Siku kumi na tatu nyuma. Kidole chake kikashuka mistari mitatu. Tano Machi. Kando yake, kwa herufi ndogo: ishirini Februari.

Akasimama pale. Alijua anapaswa kuogopa. Alilijua hilo kwa akili tu, kama unavyojua jina la mji mkuu wa nchi usiyowahi kwenda. Alikuwa amemfungulia mtu wa Februari, yeye mwenyewe akiwa wa Februari. Hakumtoa mtu kwenye chuma. Alibadilishana naye.

Na jozi. Kila aliye kwenye chuma ana jozi yake. Kidole chake kikashuka tena, bila yeye kukiamuru, hadi siku ya kuzaliwa ya Iskra. Kumi na moja Machi.

Ishirini na sita Februari.

"Mama," Iskra akaita kutoka chumbani. "Mguu wangu umelala. Hauamki."

Hapo ndipo Ljubinka alipoogopa. Aliniambia palikuwa na mahali pamoja tu ndani yake palipobaki na uhai, padogo, na pote pakaungua mara moja. Alikimbia. Mguu wa kushoto haukumfuata vizuri, akaanguka kwenye korido, akaenda kwa magoti. Iskra alikuwa ameketi kitandani na soksi moja. Ljubinka akamfinya kifundo cha kushoto.

"Unahisi?"

"Hapana."

Akamfinya tena, kwa kucha.

"Mama, wewe ndiye unayelia," akasema mtoto. "Mimi hainiumi."

Ratomir akawapeleka kwa daktari, wote wawili. Daktari akagonga magoti kwa nyundo ndogo, akapima damu, akapiga picha za mgongo, akawatuma kwa daktari mwingine mwenye nyundo kubwa zaidi. Hawakupata kitu. Ganzi ya Iskra ilipanda upesi kuliko ya mama yake. Kwa siku nane ilifika gotini. Asubuhi walimkuta anapigapiga mguu kwa ngumi, akicheka, akimwonyesha baba yake kwamba hauumi.

"Arobaini ya yule mwanamke ni lini?" Ljubinka akauliza usiku huo huo.

Ratomir hakuuliza mwanamke yupi. Alikuwa ameacha kutania. "Jumatano," akasema. "Nimeshahesabu."

Jumatano hiyo walifika Krivi Do kabla ya watu. Ratomir alimbeba Iskra. Persida alikuwa uani, anachemsha ngano ya arobaini kwenye sufuria, peke yake. Alipoona gari hakuinuka. Alizima moto tu.

"Ulijua," akasema Ljubinka.

"Nilijua."

"Lini?"

"Ulipokuwa umeshika ufunguo. Nilihesabu mara mbili." Persida alikuwa anaongea na sufuria. "Nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilifungua mdomo. Mguu wangu ulikuwa umeanza kuganda, dada. Nina miaka sitini na mitatu, nina kifua kibovu, sina mtu, na niliogopa kama mtoto. Nikasema moyoni, huyu ni kijana, ana nguvu, anatoka mjini, labda mjini haifiki."

"Nina mtoto wa Februari."

Persida akageuka. Aliwaona Ratomir na Iskra langoni. Akaona mguu unavyoning'inia.

"Hilo sikulijua," akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Hilo sikulijua."

Ljubinka akamwambia amfungue. Amrudishie. Chochote. Persida akatikisa kichwa. Neno la udada lilishatamkwa mara tatu mbele ya watu na mbele ya maiti, na halirudi. Ljubinka alikuwa dada yake, na pete ilikuwa juu yake, na pingu iliyokwisha kuzikwa haina ufunguo.

"Lakini mtoto sijamwita ndugu," akasema Persida. "Yeye anavutwa kwa sababu yako tu. Nafasi yake naweza kuikaa mimi. Yangu ilikuwa huko tangu mwanzo."

"Basi yeye," Ljubinka akasema. Hakuuliza la kwake. Hakuna aliyelisema.

"Mke wangu," Ratomir akaanza.

"Nyamaza, Ratomir."

Makaburi yapo juu kidogo ya nyumba. Jua lilikuwa kali, nyuki walikuwa kazini, na udongo wa Stamena haukuwa umeota kitu. Makaburi mengine ya mwezi ule yalikuwa na majani. Persida akavua kiatu na soksi ya kushoto. Akamwomba Ratomir amketishe mtoto pale ukingoni. Akamvua Iskra kiatu, taratibu, akifungua kamba kama anavyofanya bibi yeyote. Akaweka mguu wake juu ya udongo, na mguu wa mtoto kando yake, na kukishika kifundo cha mtoto kwa mkono mmoja.

"Stamena," akanong'ona. "Mama hapa."

Nyuki wakanyamaza. Ljubinka anasema wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Nilikukimbia. Nilikuacha uende na watu tusiowajua. Mwachie huyu mtoto, binti yangu. Nakuja mwenyewe. Ngoja nipike arobaini yako kwanza, watu wanakuja."

Iskra akapiga yowe. Yowe la maumivu, kali, la mtoto ambaye damu inarudi kwenye mguu. Akalia, akapiga teke, akapiga teke tena, na Ratomir akaanguka chini kifudifudi akilia pamoja naye. Mguu ulikuwa unapiga teke. Persida akaachia mkono wake. Alijaribu kusimama mara mbili. Mara ya tatu Ljubinka akamshika.

Wakateremka hivyo, wanawake wawili, kila mmoja anaburuta mguu wa kushoto. Persida akapika ngano yake, akaipamba kwa sukari na msalaba wa lozi, akawalisha majirani. Wakati wa kuagana alimbusu Ljubinka mashavu yote mawili na mara ya tatu tena, kama ndugu.

Radisav akapiga simu baada ya siku tisa. Persida alikutwa ameketi kwenye kile kigoda, mguu mmoja umenyooshwa mbele. Hawakumfunga pingu na mtu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa nyumba yake aliyebaki.

Iskra siku hiyo alikuwa anaruka kamba hapa chini. Ljubinka aliitazama kamba ikipiga lami, akapanda juu, akaandika jina la Persida kwenye karatasi ya kuombea wafu, chini ya la mama yake. Hakulia. Kilio kilikuwa kimekwisha siku ile ya kalenda.

Hayo ndiyo aliyonieleza. Ningeweza kuyaweka pamoja na mengine ninayosikia kwenye jengo hili, na nisilale na taa ikiwaka kwa ajili yake. Ila sasa ni Aprili, na Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu ya kupiga deki ngazi.

Nilikuwa nimemaliza hadi chini, ndoo mkononi, waliporudi kutoka sokoni. Nikawaambia wangoje dakika tano, ikauke, nisije nikapiga tena.

"Hapana," akasema Ljubinka. "Ni vizuri ikiwa mbichi." Akamgusa Iskra mgongoni. "Tangulia, mama. Polepole. Kanyaga kila ngazi."

Iskra akapanda, akihesabu kwa sauti. Ljubinka akainama. Alikagua ngazi moja baada ya nyingine, uso karibu na saruji, kama mtu aliyeangusha hereni. Nyayo za mtoto zilikuwa wazi kabisa juu ya maji. Raba ya kulia, raba ya kushoto. Raba ya kulia, raba ya kushoto. Alipofika mwisho wa zile alizoweza kuziona akatoa pumzi, akachukua mifuko yake, akapanda.

Mimi nilibaki chini na dekio langu. Sikutaka kutazama. Nikatazama.

Mguu wa kulia wa Ljubinka ulikuwa umeacha alama ya kiatu, soli yenye mistari. Wa kushoto ulikuwa mtupu. Vidole vitano, vipana. Kisigino kilichopasuka, na ndani ya mpasuko, chembe za udongo mwekundu. Nikainua macho. Ljubinka alikuwa kwenye ngazi ya saba na viatu vyake vyote viwili miguuni, vimefungwa kamba.

"Ljubinka," nikasema kwa sauti ya chini.

"Najua. Tangu Oktoba." Hakugeuka. "Mtoto je? Umeona mwenyewe?"

"Viatu," nikasema. "Vyote viwili."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akaniuliza zamu yangu nyingine ni lini. Nikamwambia baada ya mwezi. Mwaka wa Stamena unatimia katikati ya Mei.

Nilifuta zile nyayo kwa maji ya moto, na udongo ukabaki kwenye dekio. Kisha nikagonga milango ya majirani wote, kuanzia chini, nikawaambia kwamba sina kazi nyingi siku hizi. Jumamosi zote mpaka Mei iishe, ngazi nitapiga mimi.